Chef wa Mawe Yaliyovunjika

Jina lake ninalijua vizuri, nimelipiga chapa mara nyingi kuliko langu mwenyewe, na hapa sitaliandika. Alitamani jina lake likae kwenye kitabu kuliko alivyotamani chakula. Basi kwangu halitakaa. Mtaani Makomeno, huku Katanga, tulimwita Chef, kifupi cha chef de travaux, cheo cha mwalimu wa chuo ambaye hajapata udaktari. Wenzake walikipita cheo hicho kama mtu anavyopita ukumbini akielekea chumbani. Yeye alizeekea humo.

Alikozaliwa na ukoo aliotoka havikunihusu, na yeye hakuvisema. Nilimjua kwa sababu nyumba zetu zilitenganishwa na ukuta mfupi wa matofali ya kuchoma. Tena nilikuwa na sekretaria, chumba kimoja kando ya barabara, mwanzoni chenye mashine ya kuandikia, baadaye kompyuta, printa na jenereta ya kusaidia umeme ukikatika. Walimu na wanafunzi wa institut yao ndogo ya ualimu, ambayo leo imefungwa, waliniletea karatasi zao nizipige. Mwandiko wa Chef ulikuwa kama njia ya mchwa. Mjini kote hapakuwa na mwingine aliyeweza kuusoma.

Alikuwa mrefu, mwembamba, bega la kulia limeshuka chini ya la kushoto. Alivaa koti moja la rangi ya majivu, na fundi nguo alikuwa amemshonea ngozi ndani ya mifuko, kwa kuwa mawe yalikuwa yanakata kitambaa. Akikaa, unasikia mlio. Dereva wa lori la mchanga akipunguza mwendo kwenye kona yetu, Chef alikuwa ameshasimama nyuma ya lori, anaomba aruhusiwe kuchambua kokoto. Madereva walimzoea. Mmoja alikuwa akimwekea mawe meupe pembeni kama mtu anavyomwekea padri mayai.

Alichokitafuta alinieleza mara ya kwanza mezani kwangu, mbele ya bukari, yaani ugali, na mboga ya lengalenga, na alieleza kwa namna ambayo hata mimi niliyeishia sekondari nilielewa. Zamani za zamani, alisema, kabla shaba na chuma havijajulikana, watu wa nchi hii waliwinda kwa mikuki yenye ncha za mawe. Swali ni je, mkuki waliushika na kuchoma, au waliurusha? Na kama waliurusha, ilikuwa kwa mkono mtupu, au kwa kirushio? Kirushio, ambacho yeye alikiita kwa Kifaransa propulseur, ni fimbo yenye urefu kama wa mkono na kijino mwishoni. Kijino kinashika kitako cha mkuki, na ukirusha ni kama umeongezewa mkono juu ya mkono.

“Mwenye kuchoma anasogelea mbogo mpaka anasikia harufu yake,” aliniambia. “Mwenye propulseur anasimama mbali, na bibi yake nyumbani halii.”

Taabu ilikuwa kwamba mbao haibaki. Huko Ulaya waliokota virushio vya pembe vilivyolala pangoni. Kwetu udongo na mchwa vimekula kila kitu, kilichobaki ni ncha ya jiwe, tena aghalabu imevunjika. Kwa hiyo ilibidi asome mvunjiko wenyewe. Ncha iliyogonga mfupa kwa kasi, alisema, inapasuka kwa namna yake, kibanzi kinachomoka kutoka kichwani kuelekea kitakoni. Aliweza kukaa na lenzi mkononi tangu asubuhi mpaka jua linageuka, akiangalia jiwe lisilozidi kidole gumba. Alikuwa na msemo: jiwe halina ndugu. Maana yake ni kwamba halimtetei mtu. Alipokuwa anausema sikujua kuwa siku moja utamgeukia.

Uwani kwake alisimamisha nguzo mbili, na kati yake alining'iniza ubavu wa nguruwe alionunua kwa mfugaji wa Kasapa. Alichonga virushio vya mti mgumu, akafunga ncha za mawe kwenye mikuki kwa utomvu na kano za ng'ombe, akarusha. Mwalimu wa mambo ya uwindaji, na hakuwa na shabaha hata kidogo. Mikuki ilipiga ukuta, ilipiga mpapai, mmoja ulipita juu na kutoboa ndoo yangu. Na hakuweza kuchinja kuku; alimleta amemkumbatia, anageuza uso, mimi ninachinja. Binti yangu Kapinga alikuwa akipanda juu ya ukuta kumwangalia. Kati ya watoto wa mtaa waliocheka, yeye hakucheka. Siku moja alimuuliza Chef kwa nini asirushe akiwa karibu kwanza, ajue jiwe linavunjikaje, ndipo arudi nyuma. Chef alimwangalia sana. Tangu siku hiyo alimfundisha kugonga jiwe jeupe mpaka litoe makali, na mwanangu alikuwa na mkono mwepesi kumshinda.

Kuhusu kusamehe, alikuwa watu wawili. Mwanafunzi alimwibia redio, akamsamehe na kumpa betri. Mwenye teksi alimgonga akamvunja mguu, Chef akamwandikia polisi barua ya kumtetea, mimi niliipiga. Lakini kanisani, tulipofika kuimba Baba Yetu, sauti yake nzito ilikuwa inakwenda nasi vizuri mpaka pale pa kuwasamehe waliotukosea. Hapo alifunga mdomo. Alisubiri mstari upite, kisha akaendelea na sisi. Nilimuuliza. Alijibu kwamba hasemi uongo mbele ya Mungu.

Aliyemfungia mdomo alikuwa Profesa wake, na mimi nilikuwamo ndani ya kosa hilo.

Chef alikuwa ameandika sura za tezi yake, kazi ya kumpa udaktari, juu ya mawe aliyoyachimba mwenyewe kwenye kijito kimoja upande wa Kipushi. Alisema mivunjiko ya mawe yale inaonyesha kwamba yalirushwa kwa propulseur. Nilizipiga sura zote. Akampelekea Profesa aliyekuwa akimsimamia. Profesa akakaa nazo mwaka mzima, kila akiulizwa anasema hazijaiva. Kisha siku moja karani wa Profesa akaniletea makala iliyoandikwa kwa mkono niipige. Nilipofika ukurasa wa pili, vidole vyangu vilikuwa vinajua neno linalofuata kabla macho hayajalisoma.

Profesa alikuwa mteja wangu mkubwa. Niliipiga makala ile mpaka mwisho, nikaikabidhi, nikanyamaza msimu mzima wa mvua. Makala ilipotoka kwenye jarida, Chef aliitwa akaambiwa kwamba tezi yake haiwezi kupokelewa tena, wazo lake limeshajulikana, ni la Profesa. Ndipo nilipovuka ule ukuta na kumwambia nilichokifanya.

Hakunifokea. Aliniuliza kama nimetunza karatasi za kwanza, zile zenye masahihisho yake. Nilikuwa nimezitunza.

“Uziweke,” alisema. “Usizichome.”

Hivyo tukawa wawili. Nilimchukia Profesa kwa ajili ya Chef na kwa ajili yangu mwenyewe, na ninakiri kwamba chuki hiyo ilinipa nguvu asubuhi kuliko chai. Kila alipomaliza kuvunja mawe aliniletea daftari nilipige, na sikumtoza kitu. Mpango wake ulikuwa kujaribu mara nyingi sana, kuliko mtu yeyote, mpaka ushahidi wake uwe mzito kiasi kwamba kila msomaji aone ni nani aliyeotesha wazo na ni nani aliyelichuma.

Halafu jiwe likaanguka. Alikuwa amepanga ncha mpya mezani kwangu, bado nzima, hazijafungwa kwenye mkuki wowote. Nilivuta waya wa printa, moja ikaburutwa ikaanguka kwenye sakafu ya saruji na kuvunjika. Niliinama kuomba radhi. Chef alikuwa ameshaiokota. Alitoa lenzi, akaangalia, akaenda mlangoni kwenye mwanga, akaangalia tena. Akaondoka nayo bila kuaga.

Wiki nzima sikumwona ila kwa mlio: tak, tak, ng'ambo ya ukuta, mawe yanaangushwa sakafuni moja baada ya jingine. Alipokuja alikuwa hajanyoa na macho yake yaling'aa kwa furaha ambayo haikunipendeza.

“Mama Kapinga,” alisema, “Profesa alikwiba kitu kibovu.”

Nikamuuliza kibovu namna gani.

“Jiwe yenye ilirushwa, na jiwe yenye ilianguka tu, zinaweza kuvunjika sawasawa. Yenye ilichomwa na mukono, pia sawasawa. Kwa mivunjiko peke yake huwezi kujua. Mi nilikosea tangu mwanzo. Na ye alikwiba kosa yangu, akaivaa sawa na suti.”

Nilidhani ataandika hayo mara moja. Mtu mwenye haki angeandika. Yeye alisema hapana, ukimwangusha mtu akiwa kwenye ngazi ya pili anasimama na kujipangusa, mwache apande. Ikawa kazi yake ni kungoja. Profesa alialikwa nchi za nje kuzungumza juu ya propulseur ya Katanga, picha yake ikatundikwa kwenye ukumbi wa institut, na kila habari mpya Chef aliipokea kwa kutikisa kichwa polepole, kama mkulima anayeona mahindi yanajaza. Alikuwa mpole miaka hiyo, hata akanenepa kidogo. Sikuwahi kumwona mtu anayenawiri kwa kinyongo kama yeye.

Katika miaka hiyo Kapinga akaingia institut. Alichagua historia ya kale kwa ajili ya Chef, na kwa kuwa alikuwa wa kwanza darasani, Profesa akamchukua yeye mwenyewe. Memwari yake, kitabu cha kumalizia masomo, ilihusu mawe yale yale ya Kipushi. Niliipiga. Iliposifiwa Profesa alimwahidi nafasi ya usaidizi, aanze kufundisha. Nami sikuwa mjinga kabisa. Nilimwendea Chef uwani, nikamuuliza kama jiwe lililoanguka linagusa kazi ya mtoto. Alikuwa anafunga ncha kwenye mkuki, hakuinua uso.

“Ya mutoto iko mbali na ile,” alisema. “Usikuwe na wasiwasi.”

Nilimwamini. Alikuwa amemfundisha yule mtoto kushika jiwe kabla hajajua kushika kalamu ya wino.

Siku aliyokuwa akiingoja ilifika Profesa alipostaafu. Institut ilifanya sherehe mchana, ukumbi umepambwa, chakula kimefunikwa pembeni, wageni wa heshima mbele. Kapinga alikaa safu ya pili na wasaidizi, amevaa kitenge kipya nilichomnunulia. Tetezi yake, siku ya kuitetea memwari mbele ya walimu, ilikuwa wiki inayofuata. Chef aliniomba niende naye nichukue zile karatasi za zamani, tukihitaji. Nilizibeba kwenye mkoba kifuani kama mtu anavyobeba mtoto.

Baada ya hotuba waliwaruhusu watu kusema neno. Chef akapanda na koti lake. Alimsifu Profesa kwa dakika chache, kwa sauti ya chini, watu wakafurahi. Kisha akatoa mawe mfukoni, akayapanga juu ya kitambaa cheupe cha meza.

“Mawe tano, Profesa,” alisema. “Tunakuomba utuonyeshe yenye ilirushwa na propulseur.”

Profesa hakuweza kukataa mbele ya wageni. Alivaa miwani, akayageuza moja moja, bila haraka. Akatenga mawili upande wa kulia. Akaeleza kwa Kifaransa kizuri alama alizoziona, maneno yale yale niliyoyapiga mara mbili. Chef alimwacha amalize. Akachukua moja kati ya yale mawili, akaliinua, na hapo akaniita mimi.

“Mama Kapinga, simama. Ile jiwe ilivunjika namna gani?”

Hakuwa ameniambia kwamba ataniita. Nilisimama na mkoba wangu kifuani. Nilifurahi, sitadanganya; nilikuwa nimeingoja siku hiyo karibu kama yeye.

“Ilianguka toka kwenye meza yangu,” nilisema.

Kimya kilichofuata nilikipenda kwa muda wa pumzi mbili. Chef alikuwa anaeleza kwamba hata lile la pili lilichomwa kwa mkono, kwamba hakuna hata moja kati ya matano lililorushwa, kwamba propulseur ya Katanga huenda ilikuwepo na huenda haikuwepo, ila aliyesema ameiona kwenye mivunjiko hakuona kitu. Profesa alivua miwani akaomba maji. Lakini mimi nilikuwa nimemwona Kapinga. Hakuwa anamwangalia Profesa. Alikuwa anayaangalia yale mawe, midomo inacheza kidogo, kama mtu anayehesabu kurasa kichwani, na nikaona alipofika mwisho wa hesabu. Hakuna ukurasa uliobaki. Kisha akamwangalia Chef, na Chef akageuza uso, kama alivyokuwa akigeuza ninapochinja.

Mkoba sikuufungua. Hakuna aliyeuliza tena nani alimwibia nani. Nani anagombania kitu kibovu?

Watu waliondoka bila kula. Njiani Chef alikuwa anapiga mluzi. Alininunulia mikate ya kukaanga kwa mwanamke wa kona, ikiwa ya moto, akanipa kwenye karatasi. Nilimuuliza kwa nini alinidanganya kuhusu mtoto. Alijibu kwamba ningemwambia Kapinga, na Kapinga, kwa kuwa ni mkweli, angemwambia Profesa. Alisema hivyo bila aibu, kama anavyoeleza jinsi ya kufunga kano. Kisha akasema mtoto ni mwerevu, ataandika kingine. Niliiacha ile mikate juu ya ukuta wa mtu.

Tetezi ya Kapinga iliahirishwa, halafu ikaahirishwa tena, halafu akaambiwa memwari yake haina mada tena. Nafasi ya usaidizi ilipewa mwingine. Hakulia mbele yangu. Alikunja vitenge vyake, akaenda Mokambo mpakani, akaanza kuleta unga na sabuni kutoka Zambia. Mimi niliweka matofali mengine juu ya ule ukuta, mistari minne, mpaka sikuweza kuona uwa wa Chef hata nikisimama juu ya kiti. Daftari zake nilimrudishia kupitia mlinzi wa usiku wa mtaa wetu. Zile karatasi za zamani, ushahidi wake pekee kwamba alifikiri kabla ya mwingine, nilizichomea kwenye jiko la makaa, nikapikia maharage. Nilimtuma mlinzi yule yule amwambie nimepikia nini.

Aliishi hivyo, na mimi hivyo, ukuta katikati. Kanisani nilihama upande. Lakini nilimsikia: pale pa kusamehe, sauti yake bado ilinyamaza, na sasa na yangu ilinyamaza pia, na sidhani kama kuna mtu mwingine kwenye parokia aliyejua kwa nini wimbo unapungua hapo.

Mwaka uliopita, wakati wa kiangazi, alikuja sekretaria. Alikuwa na fimbo, koti limemzidi mwili. Mifuko ilikuwa mitupu. Nilikuwa na barua ya mtu ya kuomba kazi mgodini, mwenyewe ameniachia atarudi kuichukua. Chef alisimama mlangoni mpaka nilipomwambia aingie kwenye kivuli, kuketi sikumwambia.

Alisema ametoka Mokambo. Alipanda gari peke yake, akamtafuta Kapinga sokoni. Nilimuuliza mwanangu alimfanya nini. Alisema alimpa kiti, akampa maji, akamuuliza magoti yanaendeleaje. Alipomwomba msamaha, Kapinga alisema yamepita, akamfungia sabuni mbili aende nazo nyumbani.

“Basi amekusamehe,” nilisema. “Kwangu unatafuta nini?”

“Weye njo mama,” alisema, akimaanisha ndimi mama wa Kapinga.

Alibadilisha mkono kwenye fimbo, akasema kuna jambo jingine. Profesa alikuwa amemjia kabla hajafa, akiwa mgonjwa, ameshikiliwa na mpwa wake. Alikiri yote pale langoni. Sikuwa nimelisikia hilo.

“Aliomba nimusamehe,” Chef alisema.

“Ulimujibu nini?”

“Nilimuambia: acha nifikiri kwanza.”

“Ulifikiri siku ngapi?”

Nje mtu alikuwa anashusha magunia ya makaa.

“Watu balikuja kuniambia amekufa,” alisema, “na mi ningali nafikiri.”

Nilimwangalia mzee yule, bega lake lililochakaa kwa kurusha, na nikatafuta ndani yangu huruma ambayo mtu mwingine yeyote angeiona pale. Labda ilikuwepo. Juu yake kulikuwa na safu ya pili ya ukumbi ule, na kitenge kipya.

“Basi, Chef,” nilisema, “acha na miye nifikiri kwanza.”

Akatikisa kichwa polepole, kama mwalimu aliyepata jibu alilolitegemea. Akaketi kwenye benchi la wateja, fimbo katikati ya magoti, kungoja. Nikageukia barua ya yule mtu wa mgodini, nikaendelea kupiga.